Sikio Humpima Msemaji Kabla ya Neno

Ndugu msomaji, fanya jaribio dogo jioni ya leo, jamaa wakiwa wamekusanyika nyumbani. Mwombe babu aseme neno "tua". Kisha mama alitamke neno hilo hilo. Mwisho mwambie mtoto wa miaka minne naye aseme "tua". Utasikia neno moja mara tatu, wala hutakuwa na shaka.

Pengine utauliza, "Basi ajabu iko wapi?" Ajabu ni hii: sauti tatu zilizofika masikioni mwako hazikuwa sawa. Tukiipima kwa chombo ile "u" ya mtoto, katika sehemu yake moja kubwa huweza kukaribia zaidi "o" ya babu kuliko "u" ya babu. Hata hivyo hukusikia mtoto akisema "toa". Ulisikia "tua", tena mara moja, bila kufikiri. Ni nani aliyekuambia?

Jambo hili si mchezo wa watu wa shule tu. Lugha yetu ya Kiswahili ina irabu tano, ambazo wengine huziita vokali: a, e, i, o, u. Irabu moja ikibadilika, kazi nzima hubadilika. "Nenda ukachume majani" si sawa na "nenda ukachome majani." "Dada anapeta" si sawa na "dada anapita." Tena "mama analea" na "mama analia" ni habari mbili zilizo mbali sana. Mtoto akitumwa kuchuma mboga naye akarudi amechoma majani ya pembeni mwa shamba, mara nyingi huitwa mkaidi, na pengine huchapwa. Yawezekana hakukaidi kitu. Yawezekana neno lilibadilika njiani, kati ya mdomo wa aliyemtuma na sikio lake. Basi yafaa tujue njia hiyo ilivyo.

Sauti hutengenezwa mahali pawili

Kooni, nyuma ya kile kidude kinachotokeza shingoni mwa wanaume na kuitwa kikoromeo, zimo nyuzi mbili za nyama. Tukitaka kusema, nyuzi hizo hukaribiana, na pumzi itokayo mapafuni huzitikisa. Kwa mwanamume mzima hutikisika kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde moja. Kwa mwanamke ni kama mara 200 hadi 220. Kwa mtoto mdogo ni mara 300, au zaidi. Mitikisiko ikiwa mingi, sauti husikika nyembamba. Ikiwa michache, husikika nene. Mvulana akibalehe, nyuzi zake hurefuka na kunenepa. Ndipo sauti yake huvunjika, na mitikisiko hupungua karibu nusu.

Lakini nyuzi hizo hazitengenezi "a" wala "u". Zenyewe huvuma tu, kama nyuki ndani ya mzinga. Irabu hutengenezwa mahali pa pili, yaani mdomoni na kooni juu ya nyuzi. Unataka ushahidi? Nong'ona: "a, e, i, o, u". Ukinong'ona, nyuzi hazivumi kabisa, lakini aliye karibu nawe atazitambua irabu zote tano.

Ushahidi wa pili uko kisimani. Mtu akijaza maji katika kibuyu, wewe uliyempa mgongo wajua kama kinakaribia kujaa, maana sauti ya maji hupanda kadiri nafasi ya hewa inavyopungua. Kila nafasi ya hewa ina mvumo wake. Nafasi kubwa huvuma chini, nafasi ndogo huvuma juu. Mdomo wa mtu nao ni kibuyu cha namna hiyo, ila kibuyu hiki hubadilika umbo kila mara kwa ulimi, taya na midomo.

Wataalamu wamepima na kuona kwamba mivumo miwili ndiyo hasa inayotofautisha irabu. Mvumo wa chini hufuata jinsi kinywa kinavyofunguka. Kwa "i" na "u" kinywa ni chembamba, na mvumo huo huwa chini. Kwa "a" kinywa hupanuka, na mvumo huwa juu. "E" na "o" huwa katikati. Mvumo wa pili hufuata mahali ulimi ulipo, mbele au nyuma. Huo ndio hutenga "i" na "u", au "e" na "o". Msomaji, ushike sana ule mvumo wa chini, maana habari yetu iko hapo.

Elimu hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1791 Wolfgang von Kempelen alitoa kitabu kueleza mashine yake ya kusema. Ilikuwa na mvukuto kama wa mhunzi badala ya mapafu, ulimi wa kutikisika badala ya nyuzi, na mdomo laini ambao mtu aliubadilisha umbo kwa mkono wake. Baadaye, karibu na mwaka 1830, Mwingereza Robert Willis alipiga filimbi yenye ulimi wa kutikisika huku akirefusha na kufupisha bomba lake, akasikia irabu zikibadilika moja baada ya nyingine. Kisha akaja Mjerumani Hermann von Helmholtz, daktari na bingwa wa fizikia. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alionyesha jinsi vyuma vyenye umbo la uma, kila kimoja kikitoa noti moja safi, vinavyoweza kulizwa pamoja na kufanya sikio lisikie irabu.

Hatua za nani?

Sasa tufike kwenye fundo. Toka kwenye nyuzi za sauti hadi midomoni, mwanamume ana urefu wa kama sentimita 17. Mwanamke ana kama 14 au 15. Mtoto mdogo ana chini ya hapo. Kibuyu kidogo huvuma juu kuliko kibuyu kikubwa. Kwa hiyo mtoto, mama na babu hata wakiweka midomo yao kwa umbo lile lile, mivumo yao haitakuwa sawa.

Mwaka 1952 Gordon Peterson na Harold Barney, waliofanya kazi katika maabara ya simu ya Bell huko Marekani, walitangaza kazi kubwa juu ya jambo hili. Walikuwa wamewarekodi watu 76: wanaume 33, wanawake 28 na watoto 15. Kila mmoja alisema maneno 10 ya Kiingereza, mara mbili mbili, maneno yaliyotofautiana kwa irabu tu. Jumla yakawa maneno 1520. Walipopima mivumo na kuichora kwenye karatasi, waliona irabu za watu mbalimbali zimeingiliana. Mvumo ambao kwa huyu ulikuwa irabu hii, kwa yule ulikuwa irabu nyingine. Kisha wakawapa watu 70 kusikiliza maneno yale. Wasikilizaji, kwa sehemu kubwa kabisa, waliyatambua sawasawa. Karatasi ilichanganyikiwa, lakini masikio hayakuchanganyikiwa.

Yafanyikaje? Fikiri habari ya kupima shamba kwa hatua. Mtu akikuambia, "Shamba lile lina hatua hamsini," utamwuliza kwanza, "Hatua za nani?" Hatua hamsini za baba si hatua hamsini za mtoto. Ukishajua zilikuwa za nani, ndipo utajua ukubwa wa shamba. Sikio nalo hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kuamua neno, huuliza kimya kimya: huyu anayesema ni nani? Ni mkubwa au mdogo? Na alama ya kwanza inayoitumia ni unene au wembamba wa sauti.

Mwaka 1953 R. L. Miller alieleza majaribio aliyoyafanya kwa irabu zilizotengenezwa kwa mashine. Faida ya mashine ni kwamba unaweza kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vyote vilivyo. Mivumo ikaachwa kama ilivyokuwa, lakini mitikisiko ya sauti, yaani wembamba wake, ikaongezwa mara mbili. Basi wasikilizaji wakahamisha mpaka kati ya irabu na irabu. Sauti iliyokuwa ikisikika kama irabu moja, sasa ilisikika kama jirani yake.

Nayo huelekea upande gani? Ukiongeza wembamba wa sauti bila kugusa kitu kingine, irabu husikika imefungwa zaidi. "O" huelekea kwenye "u", na "e" huelekea kwenye "i". Ukirudi kwenye mfano wa hatua utaona sababu yake. Sikio likisikia sauti nyembamba husema, "Huyu ni mdogo, kibuyu chake ni kidogo. Kwa kibuyu kidogo namna hii, mvumo huu si wa juu. Basi kinywa chake kimefungwa. Hii ni 'u'." Mvumo ule ule ukija na sauti nene, sikio husema, "Huyu ni mtu mzima. Kwake mvumo huu ni wa juu kidogo, kinywa kimefunguka, hii ni 'o'." Mvumo ni ule ule, hukumu ni mbili.

Hartmut Traunmüller, wa Chuo Kikuu cha Stockholm huko Sweden, alilichunguza jambo hili akiwatumia wasikilizaji wa lahaja ya Kibavaria, ambayo ina daraja nyingi za kufungua kinywa. Katika maandishi yake ya mwaka 1981 alionyesha kwamba sikio hutazama sana umbali ulioko kati ya wembamba wa sauti na ule mvumo wa chini. Vikikaribiana, irabu husikika imefungwa. Vikiachana mbali, husikika imefunguka.

Lakini tusipite kiasi. Sikio si mjinga wa kufuata alama moja tu. Sauti ya mama hutikisika karibu mara mbili ya sauti ya baba, lakini mdomo na koo lake havikupungua nusu. Vimepungua kama sehemu moja katika saba tu. Sikio lajua hesabu hiyo bila kufundishwa darasani, kwa hiyo hukadiria.

Macho na maneno ya kwanza

Tena sikio huomba msaada kwa jirani zake. Mwaka 1999 Keith Johnson na wenzake huko Marekani waliandika kwamba watu walionyeshwa uso wa mwanamume au wa mwanamke huku wakisikiliza neno. Sauti iliyosikika ilikuwa ile ile, lakini mpaka kati ya irabu mbili ulisogea kufuatana na uso waliouona. Hata walipoambiwa tu wawaze kwamba msemaji ni mwanamume, au ni mwanamke, mpaka ulisogea. Kumbe tunasikia pia kwa yale tunayoyadhani juu ya msemaji.

Msaada mwingine ni maneno yaliyotangulia. Mwaka 1948 Mmarekani Martin Joos aliandika kwamba tukikutana na mtu mgeni, irabu chache za kwanza hututosha kupata kipimo cha irabu zake zote. Mwaka 1957 Peter Ladefoged na Donald Broadbent, huko Uingereza, walilithibitisha kwa majaribio. Walitengeneza sentensi fupi kwa mashine, na nyuma yake wakaweka neno moja la kutambuliwa. Neno lile halikuguswa, lakini mivumo ya sentensi iliyotangulia waliibadilisha, kana kwamba imesemwa na mtu mwingine. Wasikilizaji wengi walilisikia neno lile lile kuwa neno jingine. Ladefoged huyo baadaye alisafiri sana kuchunguza lugha za watu, zikiwamo lugha za Uganda na lugha ya Wahadza wa Tanzania.

Hapa, ndugu msomaji, yafaa tuzitazame upya salamu zetu. Sisi huamkiana kwa heshima na kwa upendo, na hiyo ndiyo sababu kubwa. Lakini angalia mgeni akibisha hodi: "Hodi wenyewe! Hamjambo humu?" Katika maneno hayo manne zimo irabu zote tano. Kabla hajaanza kueleza shida yake, ameshakupa kipimo chake chote, na sikio lako limeshajua hatua zake ni za namna gani. Vijana wengine siku hizi huona salamu ni kupoteza wakati, wakarukia habari moja kwa moja. Mwenye kuamkia kwanza ametandika mkeka, na habari yake itapata mahali pa kukaa.

Watoto wachanga nao

Kipawa hiki huanza mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1979 Patricia Kuhl, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, alitangaza majaribio yake kwa watoto wa miezi sita. Mtoto alipakatwa na mama yake huku akisikia "a, a, a". Irabu ilipobadilika ikawa "i", na mtoto akageuza kichwa, alionyeshwa kichezeo kilichowaka na kucheza. Watoto wakajifunza kugeuka. Kisha sauti ikabadilishwa: mara ya mwanamume, mara ya mwanamke, mara ya mtoto, mara ikipanda, mara ikishuka. Wale wachanga hawakudanganyika. Waligeuka irabu ilipobadilika, si msemaji alipobadilika.

Mama, unapozungumza na mtoto wako mgongoni, usifikiri maneno yanapotea. Yeye yumo darasani. Na akimsikia baba, bibi na ndugu zake pia, anajifunza kwamba "u" ya kila mmoja ni "u".

Mahali kipimo kinaposhindwa

Kama sikio ni hodari hivi, mbona maneno hupotea? Hupotea pale linaponyimwa kipimo, au pale sauti inapopanda kupita kiasi. Mfano ulio wazi ni wimbo.

Sauti ya mtu si noti moja. Nyuzi zikitikisika mara 100, hutoa pia mitikisiko ya 200, 300, 400, na kuendelea juu. Ni kama fito za ukuta wa nyumba. Katika sauti nene fito zimekaa karibu karibu, na udongo ukikandikwa juu yake umbo la ukuta huonekana vizuri. Katika sauti nyembamba sana fito ni chache na ziko mbali mbali. Umbo la mdomo halionekani sawasawa.

Sasa tazama mwanakwaya wa sauti ya kwanza. Kwa mwanamke, mvumo wa chini wa "i" uko karibu na mitikisiko 300, na wa "u" uko juu yake kidogo. Lakini noti ya C ya juu, iliyo daraja nane juu ya ile C ya katikati ya kinanda, ina mitikisiko 523. Hakuna hata ufito mmoja chini ya hapo! Ule mvumo wa "i" hauna kitu cha kuushika. Ndiyo maana mwimbaji akipanda zaidi, hufungua kinywa na kushusha taya, hata kama neno lina "i" au "u". Johan Sundberg wa Stockholm alilieleza jambo hili miaka ya 1970, na mwaka 2004 wataalamu wa Sydney, Australia, walipima midomo ya waimbaji wakaliona wazi: waimbaji wenye mafunzo huupandisha mvumo wa mdomo ufuate noti. Sauti hupata nguvu na uzuri, lakini irabu zote huelekea kufanana na "a". Hapo msikilizaji asilaumu masikio yake, wala mwimbaji asilaumiwe kwamba anatafuna maneno.

Walimu wa kwaya wana somo hapa. Ukitunga wimbo, usiweke neno jipya na la maana kubwa juu ya noti ya juu kabisa. Liweke kwanza katikati, watu walishike; baadaye likirudiwa juu, watalitambua maana wamekwisha kulijua. Wakati wa kuchagua nani aimbe ubeti wa kwanza, kumbuka kwamba sauti za katikati huchukua maneno vizuri kuliko za juu. Kanisa lina desturi ya zamani inayopatana na jambo hili. Katika uimbaji wa zaburi wa kale maneno mengi husemwa juu ya noti moja ya wastani, na sauti hupanda au kushuka kidogo tu mwanzoni, katikati na mwishoni. Hivyo zaburi ndefu huimbwa na maneno yake yakasikika.

Simu nayo ina hila yake. Kwa miaka mingi simu za kawaida zilipitisha mitikisiko kama 300 hadi 3400 tu. Sauti ya baba yenye mitikisiko 110 haipiti humo yenyewe, lakini bado wamsikia na sauti yake nene. Sikio limezikuta fito zake za juu na kukisia ule ufito uliokosekana. Lakini mvumo wa chini wa "i" na "u" uko pale pale ukingoni, karibu na 300, na simu ya namna hiyo huuharibu. Kwa hiyo usishangae "i" na "e", au "u" na "o", vikichanganyika katika simu.

Tusichanganye jambo hili na jambo jingine. Ziko lugha nyingi za Kibantu, kama Kikuyu, Kichaga na Kihaya, ambamo kupanda au kushuka kwa sauti kwenyewe huweza kubadilisha maana ya neno. Kiswahili hakina desturi hiyo. Tunayoeleza hapa ni jinsi wembamba wa sauti unavyolisaidia sikio kuitambua irabu yenyewe.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, ukimtuma mtoto, usimtupie neno moja kutoka mbali. Mtu akipaza sauti, mitikisiko huongezeka na kinywa hupanuka, na mivumo hubadilika pia. Juu ya hayo, konsonanti hupotea njiani, maana irabu husafiri mbali kuliko konsonanti. Mwite jina, mngoje aje, mweleze kwa sentensi nzima. "Nenda bustanini ukachume majani ya maboga tuyapike jioni" haiwezi kusikika kama kuchoma moto. Kisha mwambie arudie aliyoyasikia.

Pili, mwalimu anapotoa imla, asitaje maneno matupu kama mtu anayehesabu punje. Aseme neno, aliweke katika sentensi, kisha alirudie. Inafaa zaidi siku ambayo mwalimu ni mgeni, maana watoto bado hawajapata kipimo cha sauti yake. Aanze kwa kuzungumza nao kidogo.

Tatu, tuwafikirie wazee. Usikivu wa uzee kwa kawaida huanza kupungua kwenye sauti za juu, na konsonanti kama "s" na "f" hutangulia kupotea. Mzee hubaki akitegemea sana irabu. Ukimpigia kelele kwa sauti nyembamba, unaziharibu hata hizo alizobakiwa nazo. Msogelee, kaa mahali penye mwanga aone uso wako, sema polepole kwa sauti yako ya kawaida iliyotulia. Usiseme mbele yake, "Huyu hasikii." Huenda amekusikia vizuri kabisa hapo.

Nne, kama mtoto hukosea maneno mara kwa mara, hata akisemeshwa kwa karibu, au sikio lake linatoa usaha, au hageuki akiitwa, usingoje na wala usimchape. Mpeleke zahanati apimwe. Kiboko hakijafungua sikio la mtu.

Na wewe baba, au mama, siku utakapomtuma mtoto jambo hili naye akafanya lile, mwulize kwanza kwa upole, "Mwanangu, ulisikia nimesema nini?" Msikilize jibu lake mpaka mwisho kabla ya kuhukumu.